Vidole Viwili vya Fundi Mahimbo

Katika nchi yetu ardhi haitembei. Imeandikwa hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Jiografia cha darasa la nne, chini ya picha ya Mheshimiwa Waziri wa Utulivu wa Ardhi akiwa amesimama juu ya kilima bila kuyumba. Nalitaja hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani nataka kubishana na kitabu. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne tu, na ninaandika nisije nikasahau.

Mume wangu, Fundi Mahimbo, alikuwa mshonaji wa nguo katika mtaa wa Mteremkoni, chini ya kilima. Cherehani yake ilikaa barazani ikikitazama kilima. Siku moja, akiwa anatunga uzi kwenye sindano, aliniita.

"Hebu njoo utazame. Ule mgomba jana ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa pale pale."

"Pale pale wapi? Upande huu wa mwamba au upande ule?"

Nikatazama. Nilikuwa nimeuona mgomba ule kila siku kwa miaka kumi na tisa, nikashindwa kumjibu. Tukapanda kilimani. Juu ya mashamba tukakuta ardhi imepasuka mstari mrefu, mguu wa mtu unaingia. Fundi akachuchumaa, akavua futikamba yake shingoni, ile tepu ya kitambaa ya washonaji, akapima upana wa ule ufa kama anavyopima kiuno cha mteja. Kisha akaniambia niandike. Sikuwa na karatasi. Niliandika kwenye kiganja.

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Tulikuwa wanne. Wa tatu alikuwa Bi Sikudhani, jirani yetu, muuza vitumbua, aliyekuwa na kopo la maziwa ya unga kando ya jiko lake na kila mvua ikinyesha alipima maji yaliyojaa humo kwa njiti. Alianza kufanya hivyo kabla yetu, kwa sababu zake mwenyewe. Alisema anataka kujua ni mvua ya kiasi gani inayomfukuzia wateja. Wa nne alikuwa Mwalimu Ngoda, aliyefundisha Jiografia miaka thelathini na kustaafishwa siku mwanafunzi alipomuuliza kuhusu ukurasa wa kwanza, naye akakohoa kabla ya kujibu.

Mwalimu akatuwekea sheria. Tukachomeka vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na kila Jumamosi asubuhi tukapima kutoka kigingi hadi kigingi. Fundi alipima, Bi Sikudhani alisoma njiti zake, Mwalimu alifikiri, nami niliandika kwenye daftari kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka. Sheria ya kwanza ilikuwa hii: unachokiona ndicho unachoandika. Usiongeze, usipunguze.

"Na nikiona kibaya?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Unakiandika kibaya hivyo hivyo."

"Haya. Basi niandikieni kwamba Fundi amevaa suruali kinyume."

Tulitaka kuandikishwa, maana sisi ni raia wema. Wizara ikatujibu kwamba watu wanaoruhusiwa kuitazama ardhi ni watumishi wa Wizara, na wote wako ofisini. Ila kama tunapenda kukutana Jumamosi, kuna nafasi upande wa burudani. Tukaandikishwa kama kikundi cha ngoma. Cheti kilisema: Kikundi cha Ngoma cha Mstari wa Kilimani. Neno ufa halikuruhusiwa.

*

Katika mwaka wa pili Mheshimiwa Waziri alikuja kuutazama mstari wetu. Tulitakiwa kucheza ngoma, tukacheza. Hakuna aliyejua kucheza isipokuwa Bi Sikudhani, na yeye alicheza kwa niaba ya wanne. Fundi alipiga debe.

Waziri ni mtu mrefu wa miguu. Alisimama ukingoni, akautazama ufa, akauvuka kwa hatua moja, na kiatu chake hakikuingia udongo. Wasaidizi wake wakapiga makofi. Hapo hapo Mkurugenzi wa Miteremko akachukua kipimo cha hatua ile, ikawa mita moja kamili, na jioni tukasikia redioni kwamba imekuwa sheria: uwazi wowote usiofika mita moja ni mstari, na mstari ni pambo la nchi. Ukifika mita moja utaitwa ufa, na siku hiyo hiyo Serikali itawahamisha wananchi kwa malori.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Malori yalikuwepo. Yalikuwa kumi na mawili, yameegeshwa mbele ya Wizara, na yalioshwa kila Ijumaa. Iliwekwa pia sheria ndogo, kwamba atakayehama kabla ya kuhamishwa atakuwa ameituhumu ardhi, na nyumba yake itakuwa ya Wizara.

"Mita moja ni sawa," alisema Fundi. Ufa ulikuwa umefika sentimita sitini wakati huo. "Kila kitu kina kipimo chake. Ikifika, watakuja."

Mume wangu aliamini vipimo. Hakuwahi kumharibia mtu nguo.

Katika mwaka wa tatu Mwalimu Ngoda aliomba daftari langu na njiti za Bi Sikudhani, akajifungia navyo siku mbili. Alipotoka alikuwa kama mtu aliyeota. Alituonyesha kwamba kilima hakisogei siku ya mvua, wala kesho yake. Kinangoja. Maji huteremka polepole ndani ya udongo hadi yafike kwenye mwamba, na siku ya tisa baada ya mvua kubwa ndipo kilima kinapopiga hatua. Mara kumi na moja katika miaka mitatu, mara zote siku ya tisa.

"Hili halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma," alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Jamani, tumegundua kitu."

"Nimegundua mimi," alisema Bi Sikudhani. "Kopo ni la nani?"

Tuliandika barua, tukaituma Wizarani. Baada ya miezi miwili tukasikia kwamba Mheshimiwa Waziri amegundua Kanuni ya Siku ya Tisa na amepewa shahada kwa ajili hiyo. Baada ya miezi mitatu Wizara ikaona kwamba kanuni yenyewe inaweza kuwatia watu hofu, ikaamuru namba tisa ipumzishwe. Watoto shuleni wakahesabu saba, nane, kumi. Kinamama wajawazito wakaandikiwa miezi minane na ziada. Sisi tuliendelea kuhesabu kimoyomoyo.

*

Mwaka wa nne mvua ilinyesha Jumatano mchana kutwa. Kopo la Bi Sikudhani lilijaa mara mbili. Siku ya nane, ambayo ilikuwa Alhamisi, hatukungoja Jumamosi. Tulipanda wote wanne. Ufa ulikuwa mweusi na mpana, na kutoka ndani yake ilitoka baridi kama ya mtungini.

Fundi alipima. Akarudia. Akarudia tena.

"Tisini na saba," alisema.

Bi Sikudhani akainama kwenye daftari langu.

"Andika mia," alisema Bi Sikudhani.

"Ni tisini na saba."

"Fundi, sentimita tatu ni nini? Mbona kwenye magauni yetu unaongezaga?"

"Kitambaa ni cha binadamu, dada yangu. Binadamu unaweza kumwongezea. Ardhi ni ya Mungu. Mimi ni nani hata niiongezee?"

Mwalimu Ngoda alikuwa akitazama chini. Ile sheria ilikuwa yake. "Tukiongeza leo," alisema, "daftari lote la miaka minne linakuwa hadithi."

Nikaandika tisini na saba.

Tukakubaliana kwamba kesho yake, siku ya tisa, niende mjini Wizarani na daftari, niwaombe walete malori hata kama zimepungua sentimita tatu. Mwalimu angenisindikiza. Fundi alinivisha futikamba shingoni kwa mkono wake, kwa kuwa Wizara hukataa kipimo ambacho chombo chake hakijapigwa muhuri pale Wizarani. "Usiipoteze," alisema. "Nina suruali ya mtu ya Jumapili." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na nimeyaandika kama yalivyokuwa.

Wizarani tulipokewa vizuri. Afisa alisoma daftari, akatusifu kwa mwandiko. Akasema kwamba tisini na saba si mia, lakini yuko tayari kulipeleka juu, ila kidau cha muhuri kimekauka na mwenye wino yuko kwenye semina. Tukakaa kwenye benchi. Kupitia dirishani niliyaona malori yakioshwa, maana ilikuwa Ijumaa.

Saa sita na nusu benchi lilitetemeka. Kioo kwenye dirisha kikalia. Wote mle ofisini waliinua vichwa.

"Mama," aliniuliza afisa kwa upole, "umesikia kitu?"

"Nimesikia."

Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. "Hapana," alisema. "Hujasikia."

*

Mteremkoni haikuwepo tena. Palikuwa na udongo mwekundu, laini, uliotandazwa vizuri kama mtu ametandika kitanda. Ndani yake walikuwemo watu arobaini na sita. Mume wangu alikuwemo, na Bi Sikudhani na kopo lake.

Wizara ilitoa tamko siku hiyo hiyo. Kwa mujibu wa daftari la wananchi wenyewe, lililopokelewa na kupigwa muhuri, uwazi wa kilimani ulikuwa sentimita tisini na saba. Kwa hiyo ulikuwa mstari. Mstari hauangushi kilima. Kwa hiyo kilima hakikuanguka, na kwa kuwa hakikuanguka hakuna aliyefukiwa. Wakazi wa Mteremkoni watambulike kuwa ni wananchi waliotulia.

Muhuri waliupiga alasiri. Wino ulipatikana.

Nilipoomba cheti cha kifo niliulizwa mume wangu amekufa kwa nini. Nilipojibu, karani alinirudishia fomu na kuniambia kuwa sababu hiyo haimo kwenye orodha. Bila cheti hapakuwa na kibali cha mazishi, wala cha kuchimba, wala cha kukaa matanga. Nikikalia mkeka nitakuwa nimemzushia kifo mtu aliye hai. Basi nikakaa kwenye kiti.

Jumamosi za usafi wa mtaa mtendaji aliita majina kama kawaida. Aliita "Mahimbo," akasubiri. Aliita "Sikudhani," akasubiri. Aliwaita wote arobaini na sita, na baada ya kila jina alinyamaza kwa muda uleule, akaandika: yupo, ametulia. Katika uchaguzi walipiga kura wote, na walipigia chama kimoja. Watu walizoea. Mimi pia nilianza kuzoea, jambo ambalo liliniogopesha kuliko mengine.

Na kila nilipokwenda kusimama juu ya ule udongo, mchana kweupe, jua kali, niliisikia cherehani. Ilikuwa chini, mbali, inakwenda kwa mwendo wake, inapumzika kwenye kona ya pindo, inakwenda tena. Sikumwambia mtu. Siku moja Mwalimu Ngoda alisimama pembeni yangu kwa muda mrefu, kisha akauliza bila kunitazama:

"Shemeji, ile suruali ya Jumapili ilikuwa ya nani?"

Nikajua kuwa anasikia pia.

*

Mwezi wa pili baada ya siku ile niliamua kununua sanda. Sikuwa na mwili wala kibali, lakini nilitaka kitu cha mume wangu kiwe tayari. Nilikwenda dukani kwa Kasuga, muuza vitambaa, ambaye Fundi alikuwa akiwatuma wateja kwake miaka yote.

"Mita tano, nyeupe," nilimwambia.

Kasuga akatandika kitambaa mezani, akaweka mita yake ya chuma. Mita ya kwanza. Kabla ya kuhamisha chuma akabana vidole viwili mwishoni, akaongeza upana wa vidole hivyo. Mita ya pili, vidole viwili. Hakunitazama. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe.

"Kasuga, unafanya nini?"

Akashtuka. "Samahani, mama. Ni mazoea. Kila anayetoka kwa Fundi lazima nimwongezee vidole viwili kila mita. Futikamba ya Fundi ilikuwa imevutika. Si alisema mwenyewe? Akipima mita kwa ile tepu yake, mita yangu haitoshi. Nisipoongeza, gauni linapanda magotini."

Nikavitazama vidole vyake.

Kila mtu pale kwetu alijua. Mimi nilijua. Nilimsikia mara elfu barazani akiwaambia wateja: mita mbili na nusu, na usisahau vidole vyangu. Ile tepu ilizunguka matumbo na mabega ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini, ikalegea, na yeye akaijua kama mtu anavyoijua nyumba yake inapovuja. Alipokuwa akimpima binadamu alikumbuka kuongeza. Alipokuwa akipima ardhi aliona haya. Tulipima miaka minne kwa unyofu wote, tusiongeze wala tusipunguze, na siku ile kwenye tisini na saba palikuwa na mita nzima na ziada.

Nikaichukua ile futikamba nyumbani kwa dada yangu nilikokuwa nikiishi, nikaiweka juu ya chuma cha Kasuga. Ilikuwa hivyo.

*

"Usiseme," alinisihi Mwalimu Ngoda. Tulikuwa jikoni kwa dada. "Shemeji, nakuomba. Watamwita muuaji. Watamwandika kwenye vitabu. Na mimi ndiye niliyemfunga mkono, mimi na sheria yangu."

"Wakimwita muuaji," nilisema, "itabidi kwanza wakubali kuna waliokufa."

Alilia, akajifuta kwa leso ya mezani. Asubuhi yake alinisindikiza.

Baraza la Wataalamu lilikaa ukumbini, watu wazima kumi na watatu, mbele yao chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa Profesa Mkuu wa Utulivu. Nililaza mezani mita ya chuma na futikamba, nikawaonyesha. Waliinama wote wakatazama. Mmoja aliigusa tepu kwa kalamu.

"Kwa hiyo marehemu," alisema Profesa, kisha akajisahihisha, "kwa hiyo mumeo, alikosea?"

"Alikosea vidole viwili."

"Na ninyi mliokuwa naye?"

"Sote tulikosea. Nilikuwa naandika mimi. Lakini waheshimiwa, kama ulikuwa mita na ziada, basi kwa sheria yenu ulikuwa ufa. Na kama ulikuwa ufa, kilima kilianguka. Na kama kilianguka," nilisema, "nipeni mume wangu nikamzike."

Profesa akafungua chupa ya maji, akaifunga bila kunywa. Aliniuliza swali moja tu.

"Tepu hii ukiitumia, nyufa zote zinapungua?"

"Zinapungua, mheshimiwa."

"Zote? Hata za kaskazini?"

Sikuelewa kwa nini anauliza. Nikasema ndiyo, hata za kaskazini. Wakaniomba niiache ile futikamba kwa uchunguzi.

Baada ya wiki tatu redio ilitangaza kwamba Taifa limepata kipimo chake lenyewe. Mita za chuma zilizoletwa na wageni zikakusanywa zikayeyushwa, na futikamba ya mume wangu ikawekwa kwenye sanduku la kioo katika ukumbi wa Wizara, na askari wawili wa kuilinda. Nakala zake zikapelekwa kila wilaya. Nilipewa barua ya pongezi. Ilikuwa na majina mawili juu yake, langu na la Fundi, na chini iliandikwa kwamba Bwana Mahimbo afike kupokea nishani yeye mwenyewe.

Kwa kuwa sasa mita ya sheria ilikuwa ile, tisini na saba ikawa tisini na saba kweli.

Matokeo yake kwa nchi yalikuwa mazuri. Nyufa mia mbili na kumi zilirudi kuwa mistari kwa siku moja. Barabara kuu ilipungua kilomita nyingi bila kuwekewa lami. Watoto wa vijijini walitembea umbali mfupi zaidi kwenda shule, ingawa walifika wamechoka kama zamani, na Wizara ya Elimu ikaita hali hiyo uvivu. Kwa kuwa kimo cha Mheshimiwa Rais nacho kilipungua, mita moja ya chuma ilihifadhiwa Ikulu kwa matumizi yake. Mafundi wa majeneza walilalamika kwamba majeneza yanatoka marefu kidogo. Hakuna maiti aliyelalamika. Makaburi yakarefushwa yayatoshe, na hiyo ndiyo ardhi pekee ninayoijua iliyowahi kuongezwa kwa mwananchi.

*

Mwaka uliofuata ufa ulionekana juu ya mtaa wa Kisimani, upande wa pili wa kilima. Nyumba thelathini na moja. Watu wa pale walikuwa wateja wa Fundi wote, harusi zao na sare za watoto wao alizishona yeye.

Mvua kubwa ilinyesha. Nilikuwa nimejinunulia kopo. Siku ya sita Mkurugenzi wa Miteremko alikuja mwenyewe na nakala ya Futikamba ya Taifa ndani ya mkoba wa ngozi. Watu walikusanyika. Tulikuwa tumekatazwa kuzungumzia kilima, na askari walikuwepo kutusaidia kukumbuka. Mkurugenzi akapima, akainuka akitabasamu.

"Tisini na saba," alisema. "Ndugu wananchi, ni mstari. Lalani."

Watu hawakutabasamu. Akatafuta kwa macho, akaniona.

"Tena tunaye hapa mke wa mwasisi wa kipimo chetu. Mama, njoo. Wewe huna makuu. Waambie wenzako kwa kinywa chako ni ngapi."

Nilikwenda mbele. Nilimwona Mwalimu Ngoda amefumba macho. Ningeweza kupiga kelele, nikaburutwa, na watu wangebaki kunizungumzia mimi badala ya kilima. Nikakumbuka sheria ya kwanza.

"Ni tisini na saba," nilisema, "kwa futikamba ya Fundi Mahimbo."

"Mmesikia," alisema Mkurugenzi.

Walikuwa wamesikia. Mama mmoja mbele yangu, mnene, aliyekuwa amevaa gauni ambalo lilishonwa na mume wangu, aliushika upindo wa gauni lake kwa vidole viwili. Akaviangalia. Akamgeukia jirani yake. Sikusikia neno lolote. Niliona tu vidole viwili viwili vikishika mashati na sketi, mstari baada ya mstari, hadi nyuma kabisa.

Kesho yake wazee wa Kisimani walikwenda kwa mtendaji na ombi. Mtaa mzima, walisema, umeguswa, na unataka kwenda mjini kuiona Futikamba ya Taifa kwa macho. Mtendaji akafurahi, Mkurugenzi akafurahi zaidi. Haijawahi kutokea mtaa mzima kuomba hivyo. Akatoa malori.

Yalikuja yale kumi na mawili, yanang'aa. Watu wakapanda na watoto, na wagonjwa, na magodoro. Afisa aliyekuwa akiandika majina aliuliza kwa nini mtu anakwenda kuangalia futikamba na mbuzi.

"Naye hajaiona," alijibu mwenye mbuzi.

Afisa akamwandika.

Siku ya tisa walikuwa wamepanga foleni Wizarani, wanapita mmoja mmoja mbele ya kioo. Mimi nilikuwa nyuma. Nilipofika niliiona, imelazwa juu ya kitambaa chekundu, na kwenye namba thelathini na nane bado ilikuwa na doa la chai. Hapo sakafu ikatetemeka. Kioo kikalia. Askari wawili wakatazamana, na hakuna aliyeuliza kama nimesikia kitu.

Serikali ilitangaza jioni kwamba udongo umehamia Kisimani, na kwamba hapakuwa na mtu yeyote pale.

Nimeishi katika nchi hii miaka hamsini na mbili. Ilikuwa mara ya kwanza nisikie tamko la Wizara nisitake kuongeza chochote.

Jumamosi yake nilikwenda Mteremkoni na daftari. Jua lilikuwa kali. Cherehani ilikuwa inakwenda kule chini, kwa muda mrefu, mfululizo, kama ya mtu anayeshona kitu kikubwa chenye mishono mingi. Nikakaa juu ya udongo, nikafungua ukurasa, nikamsomea kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimsomea kila Jumamosi:

"Kisimani. Upana tisini na saba na vidole viwili. Nyumba zilizofukiwa, thelathini na moja. Waliokufa, hakuna."

Cherehani ikasimama, kama ilivyokuwa ikisimama Fundi alipoinama kukata uzi kwa meno.